Vikundi Vitatu Kabla ya Pembe ya Njeri

Sikuondoka nyumbani Witeithie kwa kupenda safari. Niliondoka kwa sababu ya pembe. Kwetu, mchumba akija na watu wake na muratina, pombe yetu ya kienyeji, baba ya msichana hushika pembe ya kunywea iliyojaa, humgeukia bintiye mbele ya wote na kumuuliza, "Ninywe?" Akisema ndiyo, amekubali kuolewa. Kwa Wambui, kifungua mimba wangu, nilikunywa kabla ya kuuliza. Nilikuwa nimeanza alfajiri, na wageni walipoketi nikainywa yote na kuanguka juu ya sufuria. Walikusanya vitu vyao wakaenda. Wambui aliolewa baadaye bila mimi, na hanipigii simu.

Ikafika zamu ya Njeri, mdogo wake. Wiki sita kabla ya siku yake, Jumamosi, alinikalisha jikoni. "Baba, tafuta kikundi cha watu wanaacha pombe. Ukikaa bila kunywa mpaka hiyo siku, ni wewe utaniuliza. Ukishindwa, ni Uncle Maina." Maina ni ndugu yangu, mtu wa soda tangu utotoni.

Thika, Jumapili ya wiki iliyofuata, saa nane mchana. Nilielekezwa kwenye ukumbi wa kanisa fulani nikidhani nitaketi nyuma nisikilize. Mhubiri aliniita mbele, akanishika kichwa.

"Sema umepona!"

"Nimepona."

"Kwa sauti, mzee!"

Nikapaza sauti, wakapiga makofi. Nilipouliza tutakutana tena lini, alinishangaa. "Mtu amepona anarudi hospitali kufanya nini?"

Siwadharau. Wako waliopona hivyo, na nawaonea wivu. Mimi nilitoka na ujinga wangu mwenyewe: kama nimepona, glasi moja itanifanya nini? Nikaingia baa iliyo nyuma ya stendi kujipima. Nilikunywa nne. Nikanyonya peremende njia nzima kurudi nyumbani, na Njeri hakugundua.

Kahawa Wendani, Alhamisi, saa kumi. Chumba kilikuwa juu ya duka la kupiga chapa, kimejaa vijana wa hosteli. "Niaje mzee, karibu, jiskie nyumbani," walinipokea vizuri, wakanipa kiti chenye mgongo. Waliongea juu ya keg, ile bia rahisi ya pipa, na mitihani waliyokosa, nami nikatikisa kichwa kama mzazi aliyekuja mkutano wa shule. Kisha kijana mmoja mpole akanigeukia.

"Mzee, si mbaya nikuulize? Ukirudi ukiwa umelewa, watoi wako walikuwa wanaenda wapi?"

"Sijui," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Sisi tulikuwa tunaingia chini ya kitanda."

Hakunikosea adabu. Alitaka tu kujua, labda kwa kuwa baba yake mwenyewe hajawahi kumjibu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikaondoka kabla ya chai.

Ruiru, Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi. Nilitembea hadi mtaa wa Mugutha, katikati ya nyumba mpya zisizo na madirisha bado, vumbi likanipaka mpaka magotini. Kikundi kilikutana katika darasa la chekechea wakati watoto wako likizo. Tulikuwa watu wazima saba kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwenyeji wetu, Mama Shiro, alitumia miaka mingi kupika muratina ya sherehe za watu, hadi ikampika yeye.

"Siku ngapi?" aliniuliza.

"Karibu wiki tatu."

Alinitazama polepole. "Mimi nimeuzia wanaume pombe tangu nikiwa msichana. Wewe si wa wiki tatu."

Nikasema siku kumi. Nikawaambia habari za Thika, zile nne, na pembe.

"Nani mwingine anajua?"

"Ni nyinyi tu. Nikimwambia msichana, naikosa."

"Na usipomwambia, utaishika ikiwa imejaa, na uongo ndani ya roho. Utaiweza?"

Nilijua sitaiweza. Walinipa chai kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya bata, na hakuna aliyenipigia makofi.

Witeithie, jioni hiyohiyo. Nilimkuta Njeri akichambua mboga, nikamwambia yote. Alimaliza fungu lililokuwa mkononi kwanza.

"Asante kwa kuniambia, Baba," akasema. "Uncle Maina ndiye ataniuliza."

Nilimsihi. Nililia hata, mtu mzima.

"Nilikuwa hapo siku ya Wambui," akasema. "Nilipangusa ile sakafu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya jua. Niliketi safu ya tatu na kikombe cha uji. Maina aliinua pembe, akauliza swali langu kwa sauti yake nyembamba. Njeri alitazama chini kidogo, kisha akamtazama yeye. "Kunywa." Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilipiga makofi, na harufu ya ile muratina ilinifikia pale nilipoketi nikaitamani, siku ya mwanangu, mbele ya kila mtu.

Nilikuwa nimezunguka nikitafuta kikundi cha kunirudishia pembe. Nimejifunza kwamba hakipo. Jumatano iliyofuata nilirudi Mugutha, ingawa sasa sikuwa na cha kupeleka nyumbani. Mama Shiro aliniuliza siku ngapi. Thelathini na nane, nikasema, na safari hii hakunitazama mara mbili.