Fidla Katika Ploti Yetu ya Kangemi

Leo nasikiliza nini? Ngoja nikuambie, maana tangu asubuhi nina raha isiyoenea mwilini. Nimeanza na fidla. Kipande kirefu cha Kizungu cha zamani, fidla moja ikilalama mbele na nyingine nyingi zikiijibu nyuma. Kabla chai haijachemka nikaweka rumba, ile ya gitaa zinazokimbizana, nikaosha vyombo nikitingisha mabega peke yangu hapa jikoni Muthangari. Wenzangu wa ofisini hunicheka. Wanasema lazima mtu achague, ama muziki wa suti ama muziki wa kiuno. Mimi sikuwahi kuchagua, na nikikusimulia utajua kwa nini.

Nilikulia Kangemi, pembeni mwa Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, mfereji mmoja katikati na kamba za nguo juu. Jirani akipiga chafya, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Kwa hivyo muziki haukuwa wa mtu mmoja. Mama yangu, mwanakwaya wa kanisa, aliimba tenzi akichagua maharagwe. Mama wa chumba cha pili, mwenyeji wa Machakos aliyeuza nyanya sokoni, hakukosa kipindi cha nyimbo za kwao redioni. Na chumba cha mwisho alikaa fundi wa mawe kutoka Kakamega, mwenye redio kaseti kubwa nyeusi. Jumapili, harufu ya chapati ikiwa imejaa uani, aliitoa nje akaiweka juu ya kiti, na gitaa za kwao zikaanza. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Akirudi kazini aliipangusa redio kwanza, ndipo akajipangusa mwenyewe vumbi la mawe.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa muziki alinichagua niimbe sauti ya pili kwenye kwaya ya shule. Tungeshindana mjini, kwenye ukumbi mkubwa, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kizungu wa zamani, wenye maneno ya Kilatini ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa. Ijumaa akanikabidhi kaseti ya wimbo huo, ya pekee aliyokuwa nayo.

"Jumatatu nataka uwe umeshika sauti yako," akasema. "Usiposhika, naweka mwingine."

Nilitamani kwenda, wee! Mjini nilikuwa nimefika mara moja tu, tena kununuliwa viatu. Shida ni kwamba nyumbani hatukuwa na kitu cha kuichezea hiyo kaseti. Jioni ile nikasimama mlangoni kwa fundi, nimeikumbatia.

"Huyo anaimba ni nani?" akauliza.

"Sijui, Fundi. Ni ya mwalimu. Ni ya Wazungu."

Akaigeuzageuza mkononi. "Sawa. Lakini ni zamu. Yako moja, yangu moja. Na hakuna kuziba masikio."

Akaitoa redio uani. Fidla zilipoanza, watoto wakaangua kicheko. Mama wa Machakos akauliza ni nani amekufa. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini fundi aliinua mkono, uso ameukunja, sikio karibu na spika.

"Nyamazeni! Sikieni huko chini. Kuna besi huko. Besi inatembea!"

Na kweli, chini ya fidla kulikuwa na sauti nene ikipanda na kushuka. Akaanza kuifuata kwa bega, halafu kwa mguu, vilevile alivyozifuata gitaa za kwao. Mama yangu akaacha maharagwe. "Hiyo sauti ya pili ni kama tenzi," akasema, akaidaka papo hapo bila maneno. Nikaidaka pamoja naye.

Tukacheza yake, yangu, yake, yangu. Mara sauti ikaanza kuvutika kama mtu anayezama usingizini, kisha kimya. Redio ilikuwa imemeza utepe wa kaseti.

Nililia. Mikono ya fundi iliyozoea nyundo ikautoa ule utepe polepole, ploti nzima imeinama juu yake, mtu ameshika tochi. Mama wa Machakos akaleta kalamu ya biro, wakaurudisha ndani kwa kuizungusha kwenye tundu la kaseti. Kaseti ikaimba tena, ila pale ulipokunjika utepe wimbo ulivutika kidogo, kisha ukajirudi. Nami nikaushika hivyo hivyo, na mvuto wake.

Jumatatu nilimweleza mwalimu yaliyotokea, nikingoja kugombezwa. Akasema niimbe kwanza. Nilipofika pale pa kuvutika akainua macho. "Rudia hapo." Nikarudia. "Sauti ya pili wote, mfuateni huyu," akasema, na habari ya kaseti hakuitaja tena.

Siku ya mashindano niliwaona nikiwa jukwaani: mama yangu, mama wa Machakos na leso yake ya Jumapili, na fundi ndani ya koti la harusi, katikati ya wazazi wa mtaa wa kitajiri wa Spring Valley waliotulia mikono magotini. Tukaimba. Tulipofika pale pa kuvuta, tukavuta, na sauti ninayoijua, ya fundi, ikapaa kutoka kule walikoketi: "Hapo sasa! Hapo hapo!" Ni vile watu humshangilia mpiga gitaa. Ukumbi ukacheka, kicheko kikageuka makofi, nasi tukaendelea kuimba juu ya makofi hayo. Tulikuwa wa tatu. Ploti ilisherehekea kama tumekuwa wa kwanza, tukala chapati siku isiyokuwa Jumapili.

Ploti ile haipo tena, pamejengwa gorofa. Fundi alirudi kwao akiwa mzee na huko ndiko alikozikwa. Walioenda waliniambia gitaa zilipigwa mpaka jua likazama.

Kuta za hapa ninapokaa sasa ni nene. Miaka yote hii sikujua jirani yangu anapenda wimbo gani, wala yeye hakujua wangu. Sote tunapishana kwenye ngazi, kila mtu na muziki wake masikioni. Juzi nikasikia ngoma ikipenya kwa mbali kutoka kwake. Nikatoka na kandambili zangu, nikabisha. Msichana akafungua mlango haraka, amejaa aibu.

"Aki pole, dada. Napunguza sai."

"Usipunguze," nikamwambia. "Ongeza, nisikie ni nini."