Sarafu Iliyosema Salama

Hadi leo nikikutana na Warundi pale Rosettenville navuka barabara bila hata kungoja robot, zile taa za barabarani, maana lazima mmoja ataniita "Bwana Salama" na wenzake wavunjike mbavu, na siwezi kumlaumu mtu, aibu ile niliipika mwenyewe.

Ilikuwa 2017, nimekwenda Turffontein kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Espérance. Baba yake, Mrundi aitwaye Mzee Gaspard, si mtu wa kucheka ovyo, na mimi fundi cherehani kutoka Bukavu nilitafuta cha kumvutia nikakosa. Sasa mwenye nyumba wangu, Mreno mstaafu aitwaye Armando, anakusanya sarafu za kale za Kirumi, na wiki ile alinionyesha moja ya shaba, chini ya picha kuna vijiherufi: SMALA. Mimi nikasoma salama! (Herufi zimepungua na kuchanganyika, nikasema Warumi nao walikuwa wanakosea.) Badala ya kumuuliza nikaiazima, tena nikamkaribisha aje kula wali nasi.

Basi sebule imejaa wajomba na mashangazi, nikasimama.

"Wazee wangu, Kiswahili kilifika Roma!"

Sarafu ikapita mkono kwa mkono, mashangazi wakapiga vigelegele, mjomba mmoja akaanza kunirekodi kwa simu, nami nikanogewa, nikasema huyo mfalme wa kwenye sarafu huenda bibi yake alitoka Kigoma (eish, sijui nilitoa wapi).

Armando akauliza kinachoshangiliwa, Espérance akamweleza kwa Kiingereza. Mzee wa watu akakohoa, akajibu kwa upole, na Espérance akatafsiri huku anaangalia zulia: "Anasema SM ni hela takatifu, AL ni Aleksandria, mji wa Misri, A ni karakana ya kwanza. Ni alama ya waliotengeneza."

Kisha Armando akatoa mfukoni sarafu nyingine aliyokuja kutuonyesha: SMALB. Karakana ya pili.

Mzee Gaspard akavaa miwani, akaisoma, akanigeukia.

"Mkwe, na hii inamsalimia nani?"

Nyumba ililipuka kwa vicheko, mzee mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, nami natamani zulia linimeze.

"Huyu mpeni binti," akasema. "Akidanganya anashikwa kabla wali haujapoa."

Nikaoa, na video ya yule mjomba ikawafikia Warundi wote wa mjini. Lakini tangu siku hiyo, herufi nisizozijua nauliza kwanza, hata zikiwa kwenye pakiti ya sabuni.