Mzazi Kwenye Gunia la Maranda

Ilikuwa mwaka wa unga wa njano. Wewe wa rika langu unaujua bila kuambiwa: mvua ilitukataa, mahindi yakaletwa kwa meli, na Eastlands nzima, hapa Nairobi, tukasonga ugali wa rangi ya kiini cha yai, unaonuka ghala. Watu walisema ni chakula cha ng'ombe, kisha wakala. Mwaka huo mama alijifungua kitinda mimba wetu, nami nikatolewa shule nimtunze yeye na mtoto. Kaka zangu waliendelea kwenda. Nilikuwa darasa la nne, na kwa hesabu nilikuwa nawashinda wote.

Haya yamenirudia leo asubuhi, binti yangu aliponipigia simu kutoka Tassia. Nitafika huko.

Tuliishi chumba kimoja, pazia katikati. Baba alikuwa mchonga vinyago karibu na Muthurwa, na jioni alirudi na gunia la maranda ya mbao ya kuwashia jiko. Lilikaa chini ya kitanda cha mama. Mimi ndiye niliyewasha, nikakoroga uji wa mzazi, nikafua nepi, nikamkanda mgongo kwa maji moto. Miaka mingine majirani wangekuja kwa zamu, kila mmoja na uji wake. Mwaka huo kila mtu alificha sufuria yake.

Siku moja natia mkono kwenye gunia, nagusa kitu chenye joto. Panya, amezaa. Vitoto vyekundu kama ncha za vidole, macho bado hayajafunguka, ngozi nyembamba hata maziwa yanaonekana meupe tumboni. Mama yao hakukimbia. Alinitazama huku ananyonyesha. Nikamwekea ukoko wa uji kwenye kifuniko, na maji kidogo. Kama kazi yangu ni kutunza wazazi, nikajiambia, basi nina wawili, na huyu wa pili hanitumi dukani.

Usifikiri ilikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Kengele ya shule ilisikika mpaka kwetu, na kila ikilia nilikuwa na nepi mkononi.

Mama aligundua nilipoanza kuwasha jiko kwa karatasi.

"Toa gunia hilo, ulichome na vilivyomo. Huyo atamng'ata mtoto vidole."

Hakukosea, panya wa mtaa wetu waling'ata. Lakini niliweka kiberiti chini.

"Hiyo sifanyi. Tafuta mwingine."

Patapata ya mguuni mwake ilinipata sikioni. Mama akamwita jirani wa mlango wa pili. Jirani akachungulia, akarudi nyuma ameshika tumbo.

"Mimi na mimba hii nichome mzazi? Nizae nini? Mwambie mkunga wako wa panya."

"Mkunga gani? Huyu ni kichwa ngumu tu."

"Umeshawapa majina, mkunga? Waite wanywe chai."

Wakacheka. Mimi nilikaa mbele ya gunia, sikucheka.

Mama mwenyewe hakuweza kuinama, kwa hiyo tukabaki kumngoja baba. Panya hakumngoja. Alitoka na kitoto mdomoni, akafuata ukuta, akaingia tundu la mtaro, akarudi kuchukua kingine. Mama, mtoto kifuani, alimtazama mpaka wa mwisho.

"Angalau yeye ana pa kuhamia," akasema.

Baba alipofika aliwasha jiko kwa maranda yasiyo na mtu ndani. Hakuna aliyenishukuru, hata panya, ambaye wiki ile ile alitutobolea mfuko wa unga.

Na shule sikurudi. Walisema muhula ujao. Kisha mtoto akitambaa. Kisha hakuna aliyesema tena, na kaka zangu wakawa ndio wa kunisomea barua za Kiingereza.

Nyumba zile zimebomolewa, pamesimama ghorofa. Harufu ya maranda asubuhi imekwisha, na jirani wa kukuletea uji usimtafute. Binti yangu amejifungua, msichana wa kazi amemtoroka, na anataka nizungumze na mjukuu wangu, kifungua mimba wake, akae nyumbani amsaidie.

"Wewe atakusikia, Mama. Ni muhula mmoja tu."

Mjukuu huyo anawashinda wote kwa hesabu. Nimeshafunga mfuko wangu wa safari. Nepi nitakwenda kufua kwa mikono yangu hii. Lakini kumwambia mtoto aache shule, nilimjibu mama yake hivi:

"Hiyo sifanyi. Tafuta mwingine."