Sukuma Wiki ya Profesa

Nichekeni tu, maana kanisani wamekwisha kunicheka. Mimi ni Mkenya, na kazi yangu ni kumtunza mzee mmoja huku ughaibuni, mjini Lakeville, profesa mstaafu aliyefundisha mambo ya mimea.

Wiki jana aliniambia amechoka na supu za mkebe. "Nipikie chakula cha kwenu, Wambui." Nilifurahi sana. Kwenye chumba chake cha vioo nilikuwa nimeona sukuma wiki imenawiri kwenye vyungu. Nikachuma majani yote, nikayakatakata membamba, nikakaanga na vitunguu na nyanya, nikasonga ugali. Profesa alikula, akaongeza, akasema hajawahi kuonja mboga tamu namna hiyo.

Tulikuwa bado mezani mgeni wake alipofika, mama mmoja kutoka chuo kikuu. Profesa akamweleza kwa fahari kwamba kabichi-mwitu yake, inayomea kwenye majabali machache tu ya pwani ya Mediterania, imekaribia kutoa maua. Mbegu zake zingerudishwa kupandwa kwao kabla haijatoweka kabisa. Wakaenda kuitazama kwenye chumba cha vioo. Mimi nikabaki na sufuria mkononi.

Walirudi upesi.

"Wambui," Profesa akauliza polepole, "ile mboga uliinunua duka gani?"

"Sikuinunua, Profesa."

Mgeni akaisogelea sahani ya Profesa, akainua kipande kimoja kwa uma, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndiyo yenyewe," akasema.