Sufuria ya Bibi Imepumzishwa

Ni Jumamosi, jua limeanza kukaza, na uwanja wa nyuma wa kituo umejaa moshi. Majiko manane madogo yanawaka kwa mpigo. Kwenye jiko la mwisho, wali umeanza kunukia vibaya.

"Jiko hili nani anasimamia?" anauliza mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni.

"Meneja!" wanajibu watoto kwa pamoja, kila mmoja akijivua lawama.

Meneja ni msichana wa miaka kumi aliyepewa jina hilo kwa kupenda kutoa amri. Anapunguza moto haraka. "Haujaungua, Shangazi. Umeshika chini tu."

Shangazi ndiye mkuu wa kituo hiki cha misheni kinacholea watoto sitini waliofiwa na wazazi. Wanamwita hivyo kwa sababu mama yake mzazi, aliyekianzisha kituo, walimwita Bibi. Bibi alifariki mwaka jana.

Sufuria yake imeegemezwa kwenye ukuta wa stoo, imefunikwa gunia. Ni kubwa kiasi cha mtoto mdogo kujificha ndani. Kwa miaka yote chakula cha kituo kilitoka humo, na mara ya mwisho ilibandikwa motoni siku ya maziko ya Bibi.

Aliyeiondoa jikoni ni Shangazi mwenyewe.

"Binti yetu mmoja aliyekulia hapa aliolewa," anasimulia. "Siku ya kwanza kumpikia mumewe, akachemsha mchele wote uliokuwa ndani ya nyumba. Walikula wali siku nne. Mume akadhani harusi bado inaendelea!"

Anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha sauti inashuka.

"Alinipigia simu analia. 'Shangazi, wali wa watu wawili unapimwaje?' Sikujua. Na mimi nimekulia kwenye sufuria hiyohiyo."

Ndipo akawagawa watoto kwa majiko, wakubwa kwa wadogo, ndugu wa tumbo moja pamoja. Siku za shule mpishi huwasaidia, Jumamosi wanapika wenyewe.

"Amenistaafisha bila barua," analalamika mpishi, mzee mcheshi, huku akimwonyesha mtoto namna ya kuosha mchele. "Sasa nimekuwa mwalimu, na mshahara ni uleule wa mpishi."

Kamati ya misheni haikucheka. Majiko manane yanakula kuni nyingi, na leo mwenyekiti amekuja kuamua kama sufuria kubwa irudi.

Shangazi hamwandalii meza. Anamkalisha kwenye mkeka wa kina Meneja.

Meneja anapakua. Sahani za wenzake zimejaa, yake pia, na sufuria imebaki na ukoko tu. Mgeni hakuwemo kwenye hesabu. Anamtazama Shangazi. Shangazi anatazama pembeni.

Basi Meneja anachukua sahani tupu, anapita kwa kila mwenzake akichota kijiko kimoja kimoja, na kwake mwenyewe anachota viwili.

"Karibu, babu. Utusamehe, hatukukupimia. Lakini hapa halali mtu njaa."

Mwenyekiti anapokea kwa mikono miwili. Anakula, kisha anachungulia sufuria.

"Ukoko huo ni wa nani?"

"Wa mpishi wa zamu," anasema Meneja, akiivuta sufuria karibu yake.

"Nimegee basi."

Wakati wa kuondoka, mwenyekiti anamwambia Shangazi neno moja tu langoni: "Kuni niachie mimi."

Jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa, Shangazi anafunua gunia na kuipangusa sufuria vumbi. Wapo waliotaka kuinunua. Amewakatalia.

"Mwakani, siku ya kumkumbuka mama, nitawaita wote waliotoka hapa. Waje na wake zao, waume zao, watoto wao. Siku hiyo majiko madogo yatapumzika."

"Na nani atapika?" anauliza mpishi.

"Yule binti wa wali wa siku nne," anasema, akiirudishia sufuria gunia lake. "Kwa umati, hana mpinzani."