Programu Iliyogoma Ambondrona

Mwishoni mwa miaka ya sabini mama yangu alikuwa Mahajanga, Madagaska, na mdogo wake ameolewa kisiwani Nosy Be. Hawakuandikiana. Walijirekodi kwenye kaseti, kwa Kikomoro cha nyumbani, wakazituma kwa mikono ya abiria wa meli. Miaka mingi baadaye, mama akiwa amekwisha kufariki, binti wa mama mdogo alizihamishia kaseti zote kwenye kompyuta ya redio ndogo ya mtaa wa Ambondrona, Mahajanga, alikokuwa fundi mitambo. Akanipigia simu mtaa wa Antanimasaja, ambako niliishi kwa kuandika programu.

"Kaka, diski inakufa. Njoo uziokoe."

Nikaenda na programu yangu niliyoiamini. Ilipita folda moja baada ya nyingine, ikifungua kila faili kuona kama ni sauti, kisha kulinakili. Huko Ambondrona programu ilinakili kidogo, ikasimama. Haikutoa kosa lolote. Ilikaa tu, na mimi nikakaa mbele yake. Nikaizima, nikaianzisha upya, ikasimama palepale.

"Labda ndiyo diski imekwisha," dada alisema.

"Diski ikiisha hulalamika!" nilimkaripia, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika programu.

Nikailazimisha programu itaje kila jina kabla ya kulifungua. Ikaishia kwenye jina moja lisilo na lolote la kutilia shaka. Dada akalitazama, akacheka.

"Hilo si faili, ni bomba. Programu ya matangazo huingiza sauti huku, mtambo wa kurusha huipokea kule."

Nikajishika kichwa. Bomba la namna hiyo, ukilifungua kusoma, unangoja mpaka mwingine alifungue kuandika. Redio ilikuwa imezimwa kwa ajili yangu, hivyo asingekuja mtu. Nikaongeza swali: kabla ya kufungua, uliza jina hili ni la kitu gani, kama si faili la kawaida, liruke. Ikaenda vizuri, nasi tukawasha redio huku ikiendelea kunakili, maana saa za matangazo zilikuwa zimefika.

Punde simu ikalia. Alikuwa mama mdogo, ambaye siku hizi aliishi mjini, msikilizaji wao mkali.

"Redio yenu ina kigugumizi! Msomaji anameza maneno!"

Aliyeyameza ni mimi. Programu yangu iliuliza, ikajibiwa kwamba ni faili la kawaida; kabla haijafungua, programu ya matangazo ikalifuta faili lile na kuweka bomba kwa jina lilelile. Yangu ikaingia na kuanza kunywa sauti ya watu. Nilipiga meza mpaka dada akaondoa kikombe chake.

Nikaandika upya, nikiwa nimenuna. Fungua bila kusubiri. Kisha usiliulize jina, ambalo laweza kubadilishiwa kitu chini yako; kiulize kile ulichokwisha kukishika. Kama si faili la kawaida, funga mara moja, usisome hata herufi. Safari hii ilifika mwisho, ingawa folda moja diski ilikuwa imekwisha kuila.

Mama mdogo alikuja kusikiliza. Sauti ya mama ikatoka, ikilalamika kuhusu jirani aliyehama bila kuaga. Mama mdogo akamjibu kwa sauti, kwa Kikomoro, akimtetea jirani. Kisha akatuambia kwa Kimalagasi tutoke nje, tumwache na dada yake.