Fundi Majeneza Aliyelia Kwenye Filamu

Wanaoijua filamu ya "Harusi ya Majambazi" hukumbuka sehemu moja tu: pale jambazi mwenye soksi usoni anapoangushwa na raia, akalia kwa sauti ambayo hutegemei kuisikia kwa mtu mzima. Katika filamu ile mimi ndiye niliyekuwa nikiwapaka waigizaji damu na makovu. Mpaka leo, nikikaa saluni hapa mjini Aba, hakosi mtu wa kuniuliza, "Dada Nneoma, yule mwizi alifundishwa wapi kulia vile?"

Hakufundishwa na mtu. Aliitwa Nwabueze, fundi wa majeneza. Na alikuwa mwoga, wala hakuona haya kulisema. Radi ikipiga alijibanza chini ya meza yake ya useremala mpaka mvua ikatike. Wateja walimtania: "Wee fundi, unashinda na majeneza halafu unamkimbia mjusi?"

"Jeneza halijawahi kunirukia," alijibu, akaendelea kupiga randa.

Filamu ilikuwa ya Okezie, kaka wa Ugoeze, mke wa Nwabueze. Okezie hakuwa na mtaji, alikuwa na mdomo. Gari letu lilikuwa moja, Peugeot kuukuu, nayo ilikuwa gari la majambazi asubuhi na gari la polisi mchana. Tulibadilisha namba tu, ndiyo maana katika filamu nzima hutaona magari hayo mawili yakifukuzana. Kofia za polisi zilikuwa mbili, basi polisi wetu hawakuzidi wawili. Damu niliichemsha mwenyewe kwa maua ya rosela na wanga wa muhogo. Bunduki alizichonga Nwabueze kwa mbao nyeupe za majeneza, akazipaka masizi na rangi nyeusi ya viatu. Alipomaliza alizifunika kwa gunia. Alisema zinamtazama.

Alikuwa amekubali kuchonga tu. Lakini siku ya kupiga picha za wizi wa benki, jambazi mmoja hakutokea, na Okezie akamgeukia.

"Shemeji, vaa soksi hii."

"Nani, mimi? Toka hapa."

"Sura haionekani, maneno huna. Unatoka mlangoni unakimbia na begi, unaingia garini, basi."

"Okezie, unajua mji ulivyo sasa hivi. Watu wana hasira."

Alisema kweli. Mwaka ule majambazi wa kweli walikuwa wameutesa mji mpaka watu wakaacha kungoja polisi. Kulikuwa na vijana wa ulinzi waliozunguka na mapanga, na wiki ileile mtu alikuwa amechomwa moto kwenye njia panda. Kila mmoja wetu alikuwa ameisikia ile harufu.

"Nimeshaongea na mkuu wa mtaa," Okezie akasema. "Na Onwuka utakuwa naye bega kwa bega. Unaogopa nini?"

Onwuka alikuwa fundi viatu wa soko la Ariaria, rafiki wa Nwabueze tangu utotoni, na ndiye aliyekuwa jambazi wa pili. Alicheka akampiga mwenzake mgongoni. "Twende bwana. Nikikimbia mimi, na wewe kimbia."

Nwabueze akavaa soksi. Nilipompaka damu shingoni nilisikia mshipa wake ukidunda chini ya kidole changu kama kifaranga. Nikamwambia, kwa heshima tunayompa kaka mkubwa, "Dede, ni mchezo tu."

Benki yetu ilikuwa duka lililofungwa, lenye kibao tulichokiandika kwa chokaa. Kamera ilisimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Okezie alipaza sauti, mlango ukafunguliwa kwa teke, na wale wawili wakatoka mbio na bunduki mikononi.

Mkuu wa mtaa alikuwa ameambiwa, ndiyo. Ila mama mmoja mchoma mahindi aliyekuwa anapita na beseni kichwani hakuwa ameambiwa. Aliliachia beseni likaanguka. "Mwizi! Mwizi!"

Katika mji wetu mwaka ule neno hilo halikuhitaji kurudiwa. Watu walitoka kila uchochoro, wengine na michi, wengine na mawe. Dereva wa Peugeot alipowaona aliondoa gari, na safari hii hakuwa akiigiza. Mpiga picha akaiacha kamera akakimbia. Mimi nilijifungia ndani ya lile duka, nikajikunja nyuma ya kaunta na kuziba masikio. Kwa hiyo yaliyofuata sikuyaona. Niliyasikia tu.

Nilisikia Okezie akipiga kelele, "Ni filamu! Ni filamu jamani!" Nikasikia kofi. Mtu akasema, "Kila mwizi akikamatwa ni filamu." Halafu mwingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai: "Leteni petroli." Ndipo kilio kile kikaanza.

Nwabueze alinisimulia baadaye upande wake. Alimwona Onwuka akichomoka mbele yake na kupotea uchochoroni. Yeye akajikwaa. Mchi ukampiga kiunoni. Alitaka kuivua soksi waione sura yake, lakini damu yangu ya wanga ilikuwa imekauka na kuigandisha shingoni. Akasikia ubaridi wa petroli ukimwagika mgongoni. Alitaka kutaja jina lake, lisitoke. Baada ya hapo kulikuwa na giza tu, na alipozinduka alikuwa amelala sakafuni dukani, Okezie akimpepea.

"Nimewaomba mpaka wamekuelewa," Okezie alimwambia. "Nimekuokoa, shemeji."

Nwabueze alimshika mkono akaubusu. Onwuka alikuwa amekaa kwenye kona, akifuta mdomo wake. Nwabueze alimtazama mara moja, halafu akageuza uso ukutani.

Hawakusemezana tena. Onwuka alipofika karakana siku zilizofuata, Nwabueze aliingia ndani. Ugoeze akamwambia mgeni, "Kaka, nenda tu. Anasema ulimwacha afe." Onwuka akajibu, "Ni kweli nilikimbia," akaondoka.

Fundi wetu akabadilika. Hakuweza kukaa karibu na jenereta kwa sababu ya harufu ya petroli. Watu wakicheka kwa pamoja barabarani, alifunga mlango wa karakana kwa komeo. Usingizini alijikwaruza shingo mpaka ikatoka damu.

Kamera, kumbe, haikuzimwa. Ilisimama chini ya mwavuli wake na kuchukua kila kitu. Okezie alitaka kipande kile kitupwe. Mfanyabiashara wa mji wa Onitsha aliyenunua filamu akakataa katakata, akasema hapo ndipo ilipo mali. Okezie akaja kumsihi shemeji yake: "Usiiangalie. Itakuumiza bure." Tulimwona mwenye huruma.

Lakini mji mzima uliitazama, hakuna aliyezungumzia kingine ila kile kilio, na watoto walianza kumwigiza Nwabueze akilia, nje ya karakana yake. Siku moja akaniambia, "Nneoma, nipeleke. Nikiiogopa picha pia, nitabaki na nini?"

Tulikwenda alasiri kwenye kibanda cha video, mimi, yeye na Ugoeze, sote hatujaiona bado. Ilipokaribia sehemu ile alianza kutweta, akanishika kiganja akakibana mpaka nikauma meno. Kwenye runinga alianguka. Watu wakamzunguka. Dumu likainuliwa. Alipolia, kibanda kizima kikacheka, naye akafumba macho na jasho likawa linamtiririka.

Nikamwambia, "Dede, fumbua. Fumbua uone."

Mtu alikuwa akirudi kutoka uchochoroni. Alikuja mbio mikono juu, soksi keshaivua, akapenya katikati ya mapanga na kujitupa juu ya mgongo uliolowa petroli. Panga likampiga bapa begani. Aliinua bunduki yake, akaitia mdomoni, akaitafuna, akatema. Kisha akaigonga kwenye jiwe ikapasuka, na weupe wa mbao ukaonekana. Watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Okezie alionekana pembeni kabisa ya picha, amechuchumaa nyuma ya pipa.

Ugoeze akamnyooshea kidole aliyejificha, akasema polepole, "Kaka yangu."

Nwabueze alishainuka. Tulimfuata mpaka Ariaria, tukamkuta Onwuka akigonga visigino.

"Ulirudi," Nwabueze alisema.

"Nilikimbia kwanza."

"Nimeona. Ulirudi. Mbona hukusema?"

Onwuka aliweka nyundo chini. "Ungeniuliza kwa nini nilikimbia ningekujibu nini? Niliogopa, Nwabueze. Hata niliporudi nilikuwa bado naogopa." Kisha akaongeza, "Na ile rangi yako ya viatu! Nilitema weusi mpaka mke wangu akadhani naumwa."

Nwabueze alicheka, halafu akalia, safari hii taratibu, na Onwuka akamvutia kigoda.

Okezie hakufukuzwa, ni shemeji, utamfukuzia wapi? Ila Ugoeze hakumpikia tena supu yake ya majani machungu. Na Nwabueze hakupona mara moja, kama watu wanavyopenda kusimulia. Jioni ileile Onwuka alitaka wapite mtaa wa lile duka, auone tu kwamba ni mtaa. Walifika pembeni, miguu ya Nwabueze ikagoma. Onwuka hakumvuta. Alimshika mkono, wakageuka, wakazunguka kwa njia ndefu ya relini, wakibishana bei ya ngozi.